Atelaji ya remorki: namna ya kuifunga kwenye gari, na cha kufanya buloni zikikataa kuingia

Kwenye miteremko ya Kabasha, ao kwenye kona za Ngomo kati ya Bukavu na Kamanyola, remorki ikitoka nyuma ya gari haisimami mpaka ikute kitu. Kitu hicho kinaweza kuwa mti, ukuta wa udongo, ao mama anayepita kando ya barabara na mzigo mgongoni. Mara nyingi chanzo ni buloni moja ya unene wa kidole, ambayo fundi aliifunga kwa haraka juu ilikataa kuingia vizuri na mwenye gari alikuwa anangoja.

Remorki ziko na kazi mingi huku kwetu. Zinabeba mbao, mifuko ya maharage, mihogo, matanki ya maji, na mashine za kutoa umeme. Gari moja ndogo ikiwa na remorki inaweza kufanya kazi ya gari mbili. Lakini kwa kuwa gari nyingi zinafika huku zikiwa zimekwisha kutumika fasi zingine, na piese zake zinatoka pande tofauti za dunia, kufunga atelaji kunaleta shida moja inayojulikana katika kila garaji: matundu na buloni hazipatani. Yafuatayo ni maelezo ya kazi hiyo kuanzia mwanzo, pamoja na njia za kumaliza shida hiyo bila kuhatarisha maisha ya watu.

ATELAJI NI NINI?

Atelaji ni chuma kinachofungwa chini ya gari upande wa nyuma ili ivute remorki. Iko na sehemu nne za lazima. Ya kwanza ni chuma cha kulala chenye kupita toka kushoto mpaka kuume, chini ya parshoki. Ya pili ni mikono miwili ya pembeni, yenye kushikwa na buloni kwenye lonjero za shasi. Ya tatu ni buli, ile tufe ya chuma ambayo kichwa cha remorki kinakalia. Ya nne ni fasi ya kufungia minyororo ya usalama. Kunaongezwa priz ya umeme kwa ajili ya mataa ya remorki.

Gari kama Toyota Hilux na Land Cruiser kubwa ziko na shasi ya kweli, yaani lonjero mbili za chuma kizito zinazotoka mbele mpaka nyuma. Hizo zinapokea atelaji bila shida kubwa. Gari kama RAV4 na Noah hazina shasi ya namna hiyo. Bodi yenyewe njo inabeba kila kitu. Kwa hizo, atelaji inapaswa kushikwa kwenye mihimili iliyokunjwa chini ya sakafu ya kofa, na nguvu yake ya kuvuta ni ndogo zaidi. Kufunga atelaji kwenye bati tupu la sakafu, ao kwenye parshoki peke yake, ni kosa. Bati linapasuka pole pole bila mtu kuona, hadi siku linapoachia.

KABLA YA KUNUNUA: BULI NA UZITO

Atelaji nyingi za Ulaya, Asia na Afrika zinatumia buli ya milimita 50. Za Marekani ziko na vipimo vyake: inchi 1 na 7/8, yaani milimita 47.6, inchi 2, yaani milimita 50.8, na inchi 2 na 5/16, yaani karibu milimita 58.7. Tofauti kati ya 47.6 na 50 haionekani haraka kwa macho, lakini kichwa cha remorki cha milimita 50 kikikaa juu ya buli ya 47.6, kinaweza kuruka kwenye shimo la kwanza la barabara. Kwa hiyo kipimo kinachukuliwa kwa pie akulisi, si kwa mkono. Buli ya milimita 50 iliyolika mpaka 49 inatupwa, hata kama bado inang'aa.

Kuhusu uzito, atelaji ya kiwandani inakuwa na kibati chenye herufi D na S. S ni uzito ambao kichwa cha remorki kinaruhusiwa kulalia buli, kwa kilo. D ni nguvu ya kuvuta, kwa kilonewtoni. Inahesabiwa hivi: uzito wa gari kwa tani unazidishwa na uzito wa remorki kwa tani, jibu linagawanywa kwa jumla ya uzito huo miwili, kisha linazidishwa na 9.81. Mfano: gari yenye tani 2.5 ikivuta remorki ya tani 1.5 inahitaji D ya karibu 9.2. Atelaji iliyoandikwa D 6 haitoshi, hata ikiwa buloni zake zote zimeingia vizuri.

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya mwendo wa barabarani unaita remorki nyepesi ile isiyozidi kilo 750 pamoja na mzigo wake. Hiyo inaweza kukosa freni zake, mradi isizidi nusu ya uzito wa gari tupu inayoivuta. Remorki yenye kuzidi pale inahitaji freni zake yenyewe. Kwenye milima yetu kanuni hiyo si ya karatasi tu: remorki nzito bila freni inasukuma gari kwa nyuma kwenye mteremko, na freni za gari zinachemka.

KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Kwanza, gari isimame fasi ya sawa, magurudumu yazuiwe kwa mawe ao mbao, na ikiinuliwa kwa kriki iwekwe juu ya vikalio vigumu. Mtu asiingie hata kidogo chini ya gari yenye kushikwa na kriki peke yake. Waya wa batri wa upande wa kutoa ufunguliwe.

Pili, udongo na kutu vitolewe kwenye lonjero kwa brosi ya chuma. Gari nyingi ziko tayari na matundu ya kiwandani kwa ajili ya atelaji, na ndani yake kuna ekru zilizochomelewa. Matundu hayo mara nyingi yamezibwa na kofia ya plastiki, rangi, ao matope ya miaka mingi. Ni vema kuyatafuta mbele ya kutoboa kitu.

Tatu, bomba la moshi, tanki ya mafuta, mipira ya freni na waya za umeme viangaliwe. Meshi ikipita upande wa pili wa lonjero inaweza kukuta kimoja cha vitu hivyo.

Nne, atelaji inainuliwa na watu wawili, ao kwa kriki ya pili, na buloni zote zinaingizwa kwa vidole. Hii njo hatua ambayo mafundi wenye haraka wanairuka, na njo inayozaa shida nyingi. Hakuna buloni ya kukazwa kwa kile mpaka zote ziwe zimeshika nyuzi tano ao sita kwa mkono. Fundi akikaza ya kwanza mpaka mwisho, chuma kinavutwa upande mmoja na matundu mengine yanahama.

Tano, zote zikishaingia, chuma kinawekwa katikati kwa kupima toka buli hadi kila gurudumu la nyuma. Kisha buloni zinakazwa kidogo kidogo kwa kupishana, moja kushoto, moja kuume, na mwisho zinakazwa kwa nguvu yake kamili.

Sita, kila tundu lililotobolewa linapakwa rangi ya kuzuia kutu. Mvua zetu na vumbi la mawe ya volkano vinakula chuma kilichoachwa wazi.

BULONI INAINGIA MIZUNGUKO MIWILI KISHA INAGOMA

Shida hii njo ya kila siku. Sababu yake inaweza kuwa uchafu tu: rangi, kutu ao tope ndani ya ekru. Dawa yake ni mafuta ya kulegeza kutu, brosi ndogo, na kupitisha taro ya kipimo kile kile kwa mkono: nusu mzunguko mbele, robo mzunguko nyuma, ili uchafu utoke.

Lakini mara nyingi sababu ni kwamba nyuzi hazifanani. Buloni mbili zinaweza kuwa na unene mmoja wa milimita 12 na bado zisipatane, juu umbali kati ya uzi na uzi si mmoja. Gari za Japani, zikiwemo nyingi zenye usukani kuume zinazotembea huku kwetu, zinatumia sana buloni ya milimita 12 yenye hatua ya 1.25, na ya milimita 10 yenye hatua ya 1.25. Buloni za kawaida zinazouzwa katika kenkayeri ni za 12 kwa hatua ya 1.75, na za 10 kwa hatua ya 1.5. Mtu anayeomba "buloni ya 12" bila kutaja hatua yake anarudi na kitu kisichofaa.

Kuna pia buloni za inchi. Ile ya nusu inchi iko na unene wa milimita 12.7. Inafanana na ya 12, lakini haiwezi kuingia katika ekru ya 12, hata ikipigwa.

Namna ya kutambua hatua ni rahisi, na rula ya mwanafunzi inatosha. Mtu anachagua uzi mmoja kwenye buloni, anahesabu nafasi 10 kufuata urefu, na anapima. Zikifika milimita 12.5, hatua ni 1.25. Zikifika 15, ni 1.5. Zikifika 17.5, ni 1.75. Zikikaribia 19.5 kwenye buloni ya nusu inchi, hiyo ni ya inchi yenye nyuzi 13 kwa kila inchi. Njia nyingine ni kulaza buloni mbili pamoja, nyuzi juu ya nyuzi, na kuzitazama mbele ya mwanga. Zikikalishana bila nafasi, ni za namna moja. Zikionyesha mwanga katikati, haziwezi kubadilishana.

Kichwa cha buloni kinaweza kudanganya. Buloni ya 12 ya gari la Japani mara nyingi inafunguliwa kwa kile ya 17, na ile ya kawaida kwa kile ya 18 ao 19. Ya 10 inafunguliwa kwa 14 kwa Wajapani, na kwa 16 ao 17 kwa wengine. Kwa hiyo namba ya kile si namba ya buloni.

Kosa baya kuliko yote ni kulazimisha. Fundi akiongeza bomba juu ya kile ili buloni igeuke kwa nguvu, inaonekana kama imekaza sana. Ukweli ni kwamba nyuzi zimekatana, na kilichobaki kinachoshika ni kidogo sana. Buloni hiyo itapita siku ya kwanza, hata mwezi wa kwanza. Itaachia siku ya mzigo mkubwa.

Ikiwa ekru ya kiwandani ni ya hatua 1.25, suluhisho ni kutafuta buloni ya hatua hiyo. Fasi nzuri ya kuitafuta ni kwa wauzaji wa piese za gari za Japani, ao kwenye gari bovu la aina ile ile. Ikikosekana kabisa, na ikiwa mtu anafikia upande wa pili wa lonjero, ekru ya zamani inaweza kutobolewa nyuzi zake, na buloni mpya ikapita mpaka nje na kushikwa na ekru yake.

MATUNDU YA ATELAJI HAYAONANI NA YA GARI

Tofauti ikiwa ya milimita moja ao mbili, mara nyingi atelaji imepinda kidogo ao buloni nyingine imekazwa mapema. Zote zilegezwe, chuma kisukumwe kwa mkono ao kwa chuma kirefu, na kazi ianze upya.

Ikiwa bado, tundu linaweza kupanuliwa kwa tupa ya mviringo, kwenye atelaji, si kwenye shasi. Kuna mpaka. Tundu la buloni ya 10 linapaswa kuwa la milimita 11. La 12, karibu 13.5, la 14, 15.5, na la 16, 17.5. Likishapita hapo, linahitaji rondeli nene na pana, ya chuma cha milimita 4 ao 5, yenye kufunika tundu lote. Rondeli nyembamba inazama ndani ya tundu kama kifuniko cha sufuria ndogo juu ya sufuria kubwa.

Tofauti ikifika nusu ya tundu ao zaidi, atelaji hiyo si ya gari hilo. Ni vema kuirudisha, ao kumpa fundi wa vyuma atengeneze mikono mipya yenye matundu mapya. Tundu jipya lisiwe karibu sana na la zamani wala na ukingo wa chuma: nafasi toka katikati ya tundu hadi ukingo isipungue mara moja na nusu ya unene wa buloni.

BULONI NI NYEMBAMBA KULIKO TUNDU

Watu wamoja wanafunga buloni ya 10 katika tundu la 12 na kusema itashikwa na ekru. Si kweli. Ukubwa ukishuka toka 12 hadi 10, nguvu ya buloni inapungua kwa karibu theluthi moja. Tena buloni yenye kucheza ndani ya tundu inapigwa kila mara gari inapoanza na inaposimama. Kila pigo linalegeza ekru na kupanua tundu. Unene uliopangwa na kiwanda njo wa kufuatwa.

LONJERO INABONYEA WAKATI WA KUKAZA

Lonjero ya gari ni kama sanduku lenye uwazi ndani. Buloni ndefu ikipita pande zote mbili na ikikazwa, kuta zinakaribiana na chuma kinapinda. Fundi anakaza, anakaza tena, na buloni haishiki kamwe. Dawa yake ni kipande cha bomba nene, kilichokatwa kwa urefu sawa na uwazi wa ndani, ambacho buloni inapita katikati yake. Bomba hilo linabeba nguvu ya kukaza, na lonjero inabaki na umbo lake.

EKRU INAZUNGUKA NDANI, AO BULONI IMEKATIKA

Ekru ya ndani iliyoachia sudiri yake inazunguka pamoja na buloni. Fundi anaweza kuvuta buloni kuelekea chini kwa chuma cha kubenulia huku akiizungusha ili ekru ibane. Ikikataa, anafungua tundu la pembeni lenye kutosha kuingiza kile, na kulifunga tena kisha kazi.

Buloni ya zamani yenye kutu isifunguliwe kwa nguvu mara ya kwanza. Ipakwe mazutu ao mafuta ya kulegeza kutu na iachwe usiku mzima. Asubuhi igeuzwe kidogo mbele na nyuma, si upande mmoja tu. Ikikatika na kubakisha kipande, njia mbili zinajulikana: kutoboa katikati yake kwa meshi ndogo kisha kubwa mpaka ibaki ganda tu, ao kuchomelea ekru juu ya kipande hicho na kukigeuza kikiwa bado na moto. Njia ya pili haifanywi karibu na tanki ya mafuta.

KUSOMA NGUVU YA BULONI

Buloni mbili za unene mmoja na hatua moja zinaweza bado kutofautiana. Kwenye kichwa kuna namba. 8.8 maana yake chuma kinakatika kwenye nguvu ya karibu megapaskali 800, na kinaanza kunyooka bila kurudi kwenye sehemu 80 kwa 100 ya hiyo. 10.9 ni kali zaidi, karibu 1000 na sehemu 90 kwa 100. Namba kama 4.6 ao 4.8 ni za kazi ndogo: mlango, meza, paa.

Kwa atelaji, 8.8 njo ya chini kabisa. Mahali kiwanda kimeweka 10.9, 8.8 haichukui nafasi yake. Ekru nayo ifuate: ekru ya 8 kwa buloni ya 8.8, ekru ya 10 kwa 10.9. Buloni za Marekani ziko na mistari badala ya namba: mistari mitatu inakaribia 8.8, na mistari sita inakaribia 10.9. Kichwa kisicho na alama yoyote kisifungwe kwenye atelaji. Vile vile vyuma virefu vyenye nyuzi toka mwanzo hadi mwisho, ambavyo watu wanavikata vipande na kutia ekru pande mbili, kwa kawaida ni vya chuma laini na havifai.

Buloni ya okazio inapimwa kwa mkono. Ekru ikipita vizuri mwanzoni kisha ikabana katikati, buloni imevutika. Itupwe. Ekru yenye pete ya nailoni inatumika mara moja tu. Na urefu uwe wa kutosha: ekru ikishakazwa, nyuzi mbili ao tatu zionekane nje. Buloni yenye kuingia katika ekru ya ndani ishike angalau urefu sawa na unene wake, yaani milimita 12 kwa buloni ya 12.

KUKAZA BILA KILE YA KUPIMA NGUVU

Kile dinamometriki ni ghali na si kila garaji iko nayo. Kwa buloni 8.8 kavu, zenye hatua ya kawaida, nguvu ya kukaza ni karibu newtonimita 47 kwa unene wa 10, 80 kwa 12, 130 kwa 14, na 200 kwa 16. Kiwanda kikiandika namba yake, hiyo njo ya kufuata.

Mizani ya kuning'iniza, kama ile wanaopima nyama sokoni wanayotumia, inaweza kusaidia. Ndoana yake inashikishwa kwenye mkono wa kile, umbali uliopimwa toka katikati ya buloni, na fundi anavuta kwa mizani, mkono na kamba vikiwa kama kona ya mraba:

- buloni ya 10: sentimita 40, mizani isome kilo 12;
- buloni ya 12: sentimita 40, kilo 20;
- buloni ya 14: sentimita 50, kilo 27;
- buloni ya 16: sentimita 50, kilo 40.

Nyuzi zisipakwe mafuta kisha zikazwe kwa namba hizo hizo. Mafuta yanapunguza msuguano, na buloni inavutwa kuliko inavyoonekana, hadi inaweza kukatika.

JE, KUCHOMELEA TU HAKUTOSHI?

Buloni zikikataa, wengi wanaita fundi wa sudiri. Sudiri nzuri kwenye atelaji yenyewe, ikiwa juu ya meza ya kazi, ni jambo la kawaida. Lakini kuchomelea mikono ya atelaji moja kwa moja kwenye lonjero kunaleta hatari. Moto unabadilisha chuma cha shasi pembeni ya sudiri, na nyufa zinaanzia pale. Kutu inaingia ndani fasi rangi imeungua. Tanki ya mafuta iko karibu. Na kuchomelea kichwa cha buloni ya 8.8 ao 10.9 ili "isifunguke" kunaharibu ugumu wake. Namba iliyoandikwa juu yake haina maana tena.

BAADA YA KUFUNGA

Remorki ikishafungwa, minyororo miwili ya usalama inapishanishwa chini ya shingo yake, kwa umbo la X, ili shingo ikianguka ilaliwe na minyororo na isichimbe barabara. Inafungwa kwenye chuma cha atelaji, si kwenye buli. Iwe mirefu ya kutosha kwa kona, lakini isikokotwe chini.

Kichwa cha remorki kikishuka juu ya buli, kifungwe, kisha shingo iinuliwe kwa kriki: gari inyanyuke pamoja nayo. Ikitoka, haikufungwa. Jaribio hilo linachukua nusu dakika.

Mzigo upangwe ili shingo ilalie buli kwa sehemu 5 hadi 10 kwa 100 ya uzito wa remorki, bila kupita S ya atelaji. Remorki ya kilo 500 ilalie kwa kilo 25 hadi 50. Mzigo wote ukiwa nyuma, remorki inaanza kuyumba kama mkia. Ukizidi mbele, usukani wa gari unakuwa mwepesi.

Kwa priz ya matundu 7 ya kawaida, rangi za waya ni hizi: 1 njano, taa ya kukata kona kushoto, 2 bluu, taa ya ukungu, 3 nyeupe, masi, 4 kijani, kona kuume, 5 kahawia, taa ya nyuma kuume, 6 nyekundu, freni, 7 nyeusi, taa ya nyuma kushoto. Mataa yote yakichanganyikana, masi njo ya kuangalia kwanza.

Kisha kilometa 50 hadi 100 za kwanza, buloni zote zikazwe tena. Rangi na kutu vilivyobanwa katikati ya vyuma vinajipanga, na buloni inalegea bila kosa la mtu. Ni vema kuchora mstari wa rangi toka kwenye ekru mpaka kwenye chuma. Mstari ukivunjika, ekru imegeuka. Hata shofere asiye fundi anaweza kuuona kila asubuhi akiinama mara moja tu.

Mwenye gari naye ana wajibu. Kabla ya kulipa, anaweza kumuomba fundi amwonyeshe mambo matatu: namba kwenye vichwa vya buloni, nyuzi mbili ao tatu zilizotoka nje ya ekru, na minyororo. Fundi aliyefanya kazi vizuri hatakasirika. Na kama buloni moja haijapatikana siku hiyo, gari irudi nyumbani bila remorki na mzigo ungoje. Maharage yakichelewa siku moja yanabaki maharage. Yule mama wa kando ya barabara hana njia ya kujua kama buloni ilipatana na ekru yake ao hapana. Wenye kujua ni fundi na mwenye gari peke yao.